Kunyoosha bodi ya Peugeot 404 nyumbani, kuanzia kutu mpaka rangi, kwa mazingira yetu ya Kigoma

Kabla hujanunua hata kopo moja la puti (ile pasti ya kujazia mabonde kwenye bati), nenda kwa fundi redio umwombe sumaku ya spika mbovu. Ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze, alafu ipitishe taratibu kwenye bodi nzima, kuanzia kwenye paa kushuka chini. Pale inaponata vizuri kuna bati. Pale inaponata kivivu kuna puti juu ya bati, na pale inapodondoka kabisa mkononi ujue hapo bati halipo, kuna puti tupu na pengine gazeti na wavu wa mbu vilivyopakwa rangi juu. Mimi kwenye mlango wa kushoto peke yake ilidondoka mara nne ndani ya shubiri moja.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 pikapu ya marehemu mzee wetu. Alibebea chumvi toka Uvinza miaka na miaka, akabebea dagaa toka Kibirizi, mawese, matofali, harusi, misiba, kila kitu. Alivyoanza kuumwa ikaegeshwa chini ya mwembe hapa Gungu ikakaa miaka 11. Watu wengi waliniambia kata uza chuma chakavu. Nikakataa, kwanza kwa sababu ya mzee, pili kwa sababu 404 sio gari la kukata. Hili gari limetoka mwaka 1960, mistari yake walichora Pininfarina wa Italia, na wazee wa nchi hii wanalikumbuka kwa Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania aliyechukua Safari Rally mwaka 1966 na akarudia 1967, zote kwa 404. Bati lake ni nene kuliko la magari ya sa hivi, linavumilia nyundo, na mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida analirudisha nyumbani kwake kabisa. Ila maelezo yote humu yatakufaa hata kama una Datsun 1200, Volkswagen ya zamani, Corolla za miaka ya 70, bati ni bati. Mwenye Land Rover 109 tu ndo atakuwa na hesabu nyingine maana bodi yake nyingi ni aluminiamu, hiyo haishiki kutu nyekundu ila inaliwa unga mweupe pale inapogusana na chuma.

Kitu kimoja kikukae kichwani kazi nzima: kutu unayoiona nje imeshamaliza kazi yake ndani. Kile kipele kidogo kwenye rangi, ukubwa wa punje ya mtama, ukikibonyeza na bisibisi inaingia mpaka kwenye mpini. Kwa hiyo usianzie nje. Toa vitambaa vya milango, toa viti, toa mazulia, washa tochi uangalie ndani ya milango kule chini, ndani ya vizingiti vya mlango (lile boksi unalokanyaga ukipanda), nyuma ya madigadi ya mbele kwenye kona ya karibu na mlango ambako matope yanajikusanya, kuzunguka taa, na kwenye mtaro wa chini ya kioo cha mbele. Huo mtaro kwangu ulikuwa umejaa majani ya mwembe yaliyooza yakawa mbolea kabisa, na mbolea inashika maji mwaka mzima, hata kiangazi ukiingiza mkono unakuta unyevu. Ndo maana sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imeisha. Kama gari lako linakaa chini ya mti na huna mpango wa kulitengeneza leo wala kesho, nenda leo hii ukazoe hayo majani, hiyo peke yake inaokoa miaka.

Alafu chumvi. Waliobeba chumvi ya Uvinza, chumvi ya samaki, dagaa wabichi, mnajua bodi la nyuma linavyokuwa. Chumvi haiishi kwa kufagia, inajificha kwenye mishono ambako bati mbili zimelaliana na kila ikipata unyevu wa hewa inaanza kazi upya hata chini ya rangi mpya. Mimi nililiosha bodi la nyuma kwa maji baridi ya bomba siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, naelekeza mpira kwenye kila mshono, alafu nikaliacha juani likauke kabisa. Na tafadhali usilipeleke ziwani kuoshea, mafuta na rangi ya zamani yanaishia kwenye maji tunayokunywa na samaki tunaokula.

Kufungua vitu ndo sehemu inayotia watu hasira, usiharakishe. Bolti za zamani zipakie mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, rudia asubuhi na jioni siku mbili tatu, na ukija kufungua jaribu kwanza kukaza kidogo tu kabla ya kulegeza, ile kutu inavunjika kuliko ukivuta upande mmoja ikakatika. Madigadi ya mbele ya 404 yamefungwa kwa bolti, yanatoka mazima, hiyo ni neema kubwa. Piga picha na simu kila hatua, hata kitu unachoona huwezi kusahau, maana miezi minne mbele utakuwa umesahau. Bolti za kila sehemu ziweke kwenye kopo lake la maziwa uandike juu yake. Na kabla hujatoa mlango wowote pima zile nafasi kati ya mlango na bodi, pembe zote, uandike. Hicho kipimo ndo kitakuambia baadae kama gari limekaa sawa.

Kama vizingiti vimeoza na inabidi vikatwe, usikate kabla ya kushikilia bodi. Gari likae kwenye stendi imara nne sehemu tambarare, alafu chomelea chuma cha angle kwa muda ndani ya uwazi wa mlango kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma. Bila hivyo ukishatoa kizingiti kebini inajikunja milimita chache tu, huoni kwa macho, na mlango hautafunga tena maisha yako yote. Kata upande mmoja, umalize, ndo uhamie upande wa pili.

Sasa kutoa rangi. Rangi nyingi za miaka ile zina risasi, ile madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu mbaya hasa kwa watoto, inaharibu akili zao. Kwa hiyo usipige msasa mkavu uani huku watoto wanacheza na kuku wanadonoa. Lowesha, tumia msasa wa maji au dawa ya kutoa rangi na skrepa, tandaza turubai chini ukusanye uchafu wote, vaa barakoa yenye filta, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukishafika kwenye bati unaweza kutumia grenda yenye brashi ya waya kwa zile sehemu zenye kutu ngumu, ila usikae sehemu moja, grenda inachemsha bati, na bati likichemka linavimba halafu halirudi. Miwani uvae, zile nyaya za brashi zinachomoka kama mshale.

Kwa vitu vidogo vidogo, bawaba, vishikio vya bampa, vipande vya bati, mimi natumia umeme na ni njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haili bati zima, inatoa kutu tu. Chukua pipa la plastiki, jaza maji, weka soda ya kufulia kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Tundika kipande chako cha kutu katikati kwa waya, kizungushie vyuma chakavu pembeni bila kugusana. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya kizamani isiyo na kompyuta, waya hasi mweusi kwenye kitu chako, waya chanya mwekundu kwenye vyuma chakavu. Ukikosea hapo ukageuza utakula kitu chako badala ya kukisafisha. Washa, utaona mapovu, acha usiku mmoja. Asubuhi kutu imekuwa tope jeusi, unasugua na brashi ya kufulia inatoka. Usitumie chumvi badala ya soda maana inatoa gesi ya sumu, usitumie chuma cha pua kisichoshika kutu (stainless) kwenye upande chanya maana yale maji yanakuwa sumu, usiweke kitu cha aluminiamu kitaliwa, na fanyia nje pasipo na moto wala sigara kwa sababu yale mapovu ni haidrojeni. Zima umeme kwanza ndo uingize mkono. Kwa vitu vya kawaida hata kuviloweka kwenye maji ya ndimu inasaidia, ila asidi isiingie kwenye mishono ambako huwezi kuisuuza.

Bati likishakuwa jeupe una masaa, huna siku. Kwa unyevu wa hewa ya hapa, hasa masika, unaliacha bati safi saa nane mchana jioni lina vumbi la rangi ya machungwa tayari. Hivyo safisha sehemu unayoweza kuimaliza siku hiyo hiyo, ifute na thina kwa kitambaa safi, usiiguse tena kwa mkono mtupu maana jasho lina chumvi, upige praima ya epoksi. Wengi tunapenda redioksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida, kwa sababu ya bei, nami sikatai kwenye chesisi, lakini praima ya kawaida inanyonya maji, gari likikaa nje na praima tu mvua moja ikapita ujue kutu imeshaanza chini yake. Epoksi inaziba.

Tuje kwenye nyundo, hapa ndo utamu wote ulipo.

Unahitaji nyundo ya kunyooshea yenye uso laini kama kioo, kwa sababu kovu lolote lililopo kwenye nyundo linajichora kwenye bati, na unahitaji chuma kizito cha kukinga kwa nyuma chenye mgongo wa mviringo upande mmoja na bapa upande mwingine. Mafundi wengi hapa watakwambia utafute kipande cha reli. Usitafute, reli ni mali ya umma na ukikutwa nayo una maelezo ya kutoa polisi. Kipande cha ekseli ya lori au springi iliyovunjika, ukikisugua kikawa laini, kinafanya kazi ile ile.

Mimi nilianza kwa kupiga katikati ya shimo, yaani pale palipobonyea, kwenye digadi la kulia, kwa nguvu, bati likazidi kupotea. Kuna mzee mmoja wa Ujiji, fundi wa bodi tangu ujana wake, nilimfuata nikamwamkia shikamoo mzee, nikamweleza. Akaja, akaliangalia lile digadi muda mrefu bila kusema kitu, akapitisha kiganja. Akaniambia: "Mwanangu, hili shimo liliingiaje? Liligongwa hapa kwanza, likakunjika huku, mwisho likavimba pale ukingoni. Litoke kinyumenyume. Anza na ule uvimbe wa mwisho." Yaani kilichotokea mwisho ndo kinyooshwe kwanza. Ukingo uliovimba ndo umelishikilia shimo, ukiulegeza huo shimo lenyewe linaanza kupanda lenyewe. Nusu saa baadae digadi lilikuwa limerudi robo tatu na hatujapiga katikati hata mara moja.

Kuna namna mbili za kupiga na ni lazima uzielewe. Ya kwanza, unaweka chuma cha kukinga nyuma ya sehemu iliyobonyea, unasukuma kwa mkono, alafu nyundo inapiga kwenye kivimbe cha pembeni, sio pale kilipo chuma. Hapo kilichovimba kinashuka na kilichobonyea kinapanda kwa pamoja, na bati halitanuki. Hii ndo utaitumia sehemu kubwa ya kazi. Ya pili, nyundo na chuma vinakutana, bati lipo katikati, mlio wake ni tofauti, ni mkali kama kengele. Hii inalainisha mikunjo midogo ya mwisho ila kila pigo linalifanya bati kuwa jembamba na pana zaidi, ukizidisha bati linatanuka, na bati lililotanuka ndo lile ukilibonyeza linaingia "tok" ukiachia linatoka "tok", halikai popote. Piga mapigo mengi mepesi, mkono ulegee, nyundo iruke yenyewe. Anayepiga kwa hasira ananunua puti nyingi.

Bati likishatanuka dawa yake ni moto. Unachemsha kidoa kimoja ukubwa wa sarafu kwa gesi mpaka kiwe chekundu, kinainuka kama kijipu, unapiga pembeni yake taratibu kuelekea katikati, chuma cha kukinga kikiwa kimegusa tu kwa nyuma, alafu unakigandamiza na kitambaa kilicholowa. Bati linajikusanya. Ukimaliza kimoja subiri kipoe uangalie kabla ya kwenda kingine, ukizidisha linajikaza kupita kiasi linajikunja upande wa pili.

Kujua kama pamenyooka usiamini macho. Vaa glavu nyembamba ya pamba au weka kitambaa chini ya kiganja, upitishe mkono mzima umelala, kwa urefu, ukitokea sehemu nzima kuingia sehemu uliyoinyoosha na kutokea upande wa pili. Kiganja kinasikia kitu ambacho jicho haliwezi kuona. Alafu jioni jua likiwa chini upande wa ziwani, mwanga ukilala juu ya bati, kila bonde linatoa kivuli. Mimi kazi ya kukagua nilikuwa naifanya saa kumi na mbili kasoro kila siku.

Pale palipooza hakuna kunyoosha, panakatwa. Kata mpaka ukute bati zima linalong'aa pande zote mbili, usilihurumie, ukiacha ukingo wenye kutu ili kiraka kiwe kidogo welding itatoboka pale pale. Chora umbo kwenye katoni, ukate, ujaribishe, urekebishe katoni mpaka ikae, ndo uhamishie kwenye bati. Na bati lenyewe litoke wapi? Tafuta paa au boneti ya gari lililokatwa, paa huwa halina kutu na unene wake unakaribiana. Pipa la mafuta la lita 200 nalo lina bati zuri, nene kidogo, linafaa sana kwa sakafu na vizingiti, ila lisiwe limebeba petroli, na hata lililobeba oili lioshe kwa maji ya moto na sabuni na ulijaze maji wakati wa kukata, pipa tupu lenye mvuke ni bomu. Bati la kuezekea usiweke kabisa, ni jembamba mno na lina zinki, ukichomelea ule moshi mweupe unakupa homa usiku kama malaria. Watu wanakunywa maziwa wakiamini yanazuia. Hayazuii, moshi unaingia kwenye mapafu na sio tumboni, kinachosaidia ni kukwangua zinki kabla na kukaa upande upepo unapotokea.

Kuchomelea mashine ya MIG, ile inayotoa waya yenyewe, ndo rahisi, ukiipata ya kukodi mjini kodi siku mbili ukiwa umeshaandaa viraka vyote. Gesi ya kabaidi mikononi mwa fundi mzoefu inatoa mshono laini unaoweza kupigwa nyundo, mimi vizingiti vyangu vilifanywa hivyo. Welding ya kawaida ya umeme kwenye bati la milimita 0.8 au 1 inatoboa, kama huna nyingine tumia fimbo nyembamba za milimita 1.6 au 2, umeme mdogo, vidoti tu. Vyovyote utakavyotumia usivute mshono mrefu. Weka kidoti hapa, ruka uweke upande wa pili, rudi katikati, subiri mkono uweze kugusa, endelea. Mlango mmoja ulinichukua mchana mzima kwa namna hii na haukujikunja. Mtu aliyeufanya upande mwingine kabla yangu, kwenye gereji moja, alivuta mshono mrefu mmoja, bati likawa na mawimbi, akayaziba kwa puti ya unene wa kidole, ndo ile sumaku ilikuwa inadondoka.

Kabla ya cheche yoyote: betri nje, tangi la mafuta nje kabisa, sio kufunikwa, nje, mazulia na viti nje, ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu, na ukimaliza usiondoke, kaa nusu saa unanusa. Moto wa ndani ya mlango unaanza kimya kimya.

Puti sasa. Sina ugomvi na puti, ina kazi yake, na kazi yake ni milimita mbili, ikizidi sana tatu. Changanya puti ukubwa wa yai kwa haidina (dawa yake ya kukazia) ukubwa wa karanga moja, kwa joto letu inakaza ndani ya dakika kama tano hadi kumi kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Ukizidisha haidina ili iwahi kukauka, ile rangi yake inapenya mpaka kwenye rangi ya juu baada ya wiki kadhaa unaona madoa. Puti nayo inanyonya maji, isilale nje usiku bila kufunikwa. Msasa namba 80 kwanza, kwenye ubao ulionyooka, alafu 120, 180. Kwenye sehemu za mviringo kata ndala ya zamani, ile kandambili, ufungie msasa, inafuata umbo vizuri kuliko kidole. Vidole vitupu vinachimba mifereji na utaiona rangi ikishang'aa. Ikifika hapo piga praima ya kujazia, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, alafu msasa wa maji 400. Nyeusi inapobaki ni bonde, inapotoka mapema praima ikaonekana ni kilima. Rudia mpaka yote itoke sawasawa. Hii kazi inachosha mabega, inabidi uipende.

Kabla ya rangi, funga milango, boneti na madigadi yote kwa muda, uangalie zile nafasi ulizoandika. Mtu akishapaka rangi ndo agundue mlango unasugua, nyundo itaingia kwenye rangi mpya.

Rangi piga kiangazi, Juni mpaka Agosti mwanzoni kabla upepo wa vumbi haujawa mkali. Masika hewa imejaa maji na rangi ya NC (ile ya nitroselulosi inayokauka haraka kwa hewa) inafubaa inatoka ukungu mweupe. Mimi nilizungushia turubai uani, nikamwagia maji ardhi yote nusu saa kabla vumbi likae, nikaanza saa tatu asubuhi umande umeshakauka. Usipigie chini ya mti. Tangi la kompresa lifungulie maji chini kila baada ya muda, hewa yetu ina maji mengi na tone moja likipita kwenye bunduki linaacha jicho kwenye rangi. Bunduki ikae shubiri moja kutoka kwenye bati, mkono uende sambamba na bati bila kuzungusha kiwiko, kila mstari ufunike nusu ya uliopita, koti nyembamba tatu nne, dakika kumi hadi kumi na tano katikati. Mimi nilichagua NC kwa sababu inasamehe, ukikosea unasugua unarudia, na inang'arishwa kwa mkono. Rangi za 2K, zile za kuchanganya na haidina, ni ngumu na zinadumu lakini haidina yake ina kemikali inayoharibu mapafu moja kwa moja, barakoa ya vumbi haifanyi kitu, inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna, mpe mwenye chumba cha rangi akupigie, usicheze nayo uani na watoto ndani.

Na sasa tunarudi ndani, kule kutu ilikoanzia. Ndani ya vizingiti, ndani ya milango, ndani ya zile nguzo, praima haifiki. Kuna anayemwaga mawese humo, tunayo mengi Kigoma, lakini mawese yanachacha yanakuwa na asidi na yanaita sisimizi na panya, usiweke. Weka mafuta mazito yasiyochacha. Wale Wajerumani wa vita ya kwanza ya dunia walipoizamisha meli yao hapa Ziwa Tanganyika Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, isichukuliwe na adui, mafundi waliipaka injini grisi nyingi kwanza. Ilikaa chini ya maji, ikaibuliwa 1924, injini ikakutwa inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la MV Liemba. Hiyo ndo grisi. Mimi nachanganya nta ya nyuki na oili safi ya injini, nta sehemu moja oili tatu, nayeyusha kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, kamwe sio juu ya moto wenyewe, ikishayeyuka naitoa naipeleka mbali na jiko ndo naongeza dizeli kidogo iwe nyepesi. Ikiwa bado vuguvugu naipulizia kwa bunduki ya zamani yenye mpira mrefu mpaka inachuruzika kwenye matundu ya chini. Nta inapatikana Kibondo na Kasulu, na Tabora ipo nyingi, mtu akipanda treni muagize.

Hayo matundu ya chini ndo ya kulinda. Chini ya kila mlango na kila kizingiti kiwanda kiliacha vitundu vya kutolea maji, na mafundi wengi wanaviziba kwa puti na rangi wakidhani ni kutu imetoboa. Vitafute vyote uvizibue na waya baada ya kupaka rangi na tena baada ya kupulizia nta, na kila mwaka mvua zikikaribia kuanza pitisha waya tena, uangalie na mtaro wa chini ya kioo. Mimi mwembe sijaukata, ni wa mama, nimehamisha gari.